Jua la Saa Tatu Ukumbini kwa Bibi

Mwezi uliopita niliingia katika nyumba niliyolelewa, Mji Mkongwe. Siku hizi ni hoteli. Dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri, akaniuliza kama ndiyo mara yangu ya kwanza kufika Unguja. Nilipomwambia nimekuja kutazama tu, akanifuata chumba hadi chumba, jicho lake kwenye mkoba wangu. Sikumlaumu. Ndani ya nyumba ile ndimo nilimofunzwa kushuku watu, na aliyenifunza ni bibi yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, najifunza kuchora kwa mwalimu mmoja jirani yetu. Alikuwa mtu wa bara, na mbele ya Bibi hilo lilikuwa kosa lake la kwanza. La pili lilikuwa maswali. Mwalimu hakufundisha kuchora vitu, alifundisha kuchora mwanga: madoa mafupi ya haraka kabla jua halijahama, na kivuli kisipakwe cheusi, kwani ukikitazama vizuri kina buluu na zambarau. Alitaka nichore ukumbi wetu. Wanaume wageni kwetu waliishia barazani, kwa hiyo ilimbidi aniulize. Jua linaingia saa ngapi? Dirisha lipi hukaa wazi? Sanduku limewekwa upande gani?

Nilipomsimulia Bibi, aliacha kukuna nazi.

"Huyo si mwalimu," alisema. "Huyo anatupelelezea nyumba."

Na wewe, rafiki yangu, ungesemaje? Bibi akanipa mpaka Ijumaa nimwoneshe hiyo picha. Asiporidhika nayo, masomo ndiyo basi, nami niliyapenda masomo yale kuliko kula.

Ghafla nikawa na bidii ya kupiga deki, jambo lililomzidishia shaka. Kumbe sakafu ikiwa bado imelowa, jua la saa tatu lilipenya vioo vyekundu na kijani vya juu ya dirisha, likatandazika chini kama kanga mpya. Nikapaka mbiombio sakafu isije ikakauka, huku harufu ya mkate wa ufuta ikinijia kutoka uani.

Asubuhi moja nilipokuwa nikipaka hivyo, akaingia ami, mtoto wa Bibi, mtu wa ndani asiyehitaji hodi. Bibi alikuwa uani anachoma mikate. Ami akasimama dirishani, akatoa futi kamba ya njano, akapima ukuta mzima. Kisha akaninong'oneza kwamba anataka kumtengenezea mama yake madirisha, nisimwambie nikamharibia furaha. Kesho yake akaniletea kisanduku kipya cha rangi. Nilimshuku palepale, sikufichi. Lakini rangi zilikuwa nzuri, na ndizo nilizomalizia picha.

Ijumaa Bibi alivaa miwani, akaigeuzageuza picha.

"Sanduku langu li wapi?"

Nikamwonesha doa la kahawia. Akauliza mkeka, nikamwonesha doa jengine. Mabega yakaanza kumtikisika kwa kicheko.

"Mwizi akija na karatasi hii, atapotea humuhumu."

Nikajua masomo yangu yamepona. Kisha kidole chake kikatua penye doa la buluu dirishani. Nikamwambia ni ami. Akauliza, na huu mstari wa njano mkononi mwake?

"Jua tu, Bibi."

Aliniamini. Mwaka haukwisha, ami akaiuza nyumba, maana hati zilikuwa kwa jina lake, na Bibi akahamia chumba cha nyuma huko Ng'ambo, dirisha lake likitazama ukuta wa jirani. Mpaka anafariki alishikilia kwamba ni mwalimu aliyewaonesha wanunuzi nyumba yetu. Alikataa hata salamu zake. Nami sikumsahihisha, na hilo linaniuma hadi leo.

Vile vioo vya rangi vimeng'olewa, vimewekwa vyeupe. Ukumbini wageni wanakunywa chai, na hakuna anayekuna nazi. Nilisimama penye dirisha lile muda mrefu, mpaka dada wa mapokezi akasogea akaniuliza ninatazama nini.

Nikamwambia, jua tu.