Jicho Nililomficha Baba

Jicho langu la kushoto liliumia mazoezini, siku mshambuliaji wetu alipochelewa kuvuta goti wakati mimi nimeshaudaka mpira. Baada ya wiki moja uvimbe ulishuka lakini ukungu ukabaki. Kocha aliniuliza kama naona vizuri, nikamjibu naona. Mkataba wangu ulikuwa ukingoni, na kipa wa akiba alikuwa na mikono mizuri kuliko yangu. Sikuwa tayari kumwachia lango kwa sababu ya ukungu.

Nikabuni njia. Nilimwambia beki wetu wa kushoto kwamba beki asiyepiga kelele hafai, kwa hiyo kila mpira ukija upande wake aniite mapema. Alikuwa mtu mpole, akatii. Kwa miezi ile yote alikuwa jicho langu bila yeye kujua, nami redioni nikasifiwa jinsi ninavyoipanga safu yangu ya ulinzi.

Mechi ya mwisho tulihitaji sare tu tusishuke daraja. Uwanja ulifurika, ngoma na vuvuzela zikawa juu kiasi kwamba hata filimbi ya kuanza sikuisikia. Niligeuza shingo huku na huku mpaka ikauma. Zikiwa zimebaki dakika chache, mpira wa kawaida kabisa, hauna hata nguvu, ulitambaa kutoka kushoto. Beki aliita, baadaye aliapa kwamba aliita. Mimi nilikuwa nimesimama wima naangalia kulia, ukanipita hatua mbili tu, ukaingia wavuni, tukashuka daraja. Yeye, aliponiona sishtuki, alidhani unatoka nje, akaacha kukimbia. Picha ya sisi wawili tumesimama ilizunguka kwenye simu za watu nchi nzima. Wakasema tumeuza mechi, kipa na beki wake.

Nilirudi Kilosa kwa baba. Baba alikuwa dereva wa treni. Kila mwaka walipimwa macho, na mwaka herufi za chini zilipompotea alikwenda mwenyewe kwa bosi wake kusema, akahamishiwa stoo na mshahara ukashuka. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyenikalisha kibarazani jioni ile.

"Umeuza?"

"Hapana, baba."

"Sasa goli lile lilipitaje?"

"Lilinipita tu."

Aliinuka, akaingia ndani. Kulikuwa na timu nyingine, ya kocha aliyenifahamu tangu zamani, inayoniita kwenye majaribio, na nilijua nikimwambia ukweli atanilazimisha niwaambie na wao. Nikachagua anidhanie mwizi. Nilicheza misimu miwili zaidi kwa uongo uleule, na baba hakuja uwanjani hata mara moja. Shikamoo yangu aliiitikia huku anaangalia pembeni.

Siku hizi naishi Mikumi. Nafundisha magolikipa wa timu za mtaani, na nina kibanda cha chipsi kando ya barabara kuu. Mwaka jana baba alikuja kutibiwa jino, na asubuhi nikampeleka hospitali kwa miguu, kwani si mbali. Tulisimama kuvuka, yeye kulia kwangu. Nikaangalia kulia, nikageuza shingo kushoto haraka haraka, nikaona barabara nyeupe. Tulipofika katikati, baba alinivuta shati kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo. Lori la mizigo lilipita mbele ya pua yangu, upepo wake ukanivua kofia.

Tulirudi kando ya barabara.

"Lori zima lile hukuliona?"

Kabla sijajibu alinyanyua kiganja mbele ya jicho langu la kushoto, akakipeleka huku na huku. Sikupepesa.

"Tangu lini?"

"Kabla ya mechi ile, baba."

Nakiri nilifurahi. Miaka yote nilikuwa nimelibeba jambo hili peke yangu, na sasa limejitoa lenyewe. Nilingoja aniambie pole mwanangu, kumbe hukuuza.

"Yule beki wako alijua?"

"Hapana."

"Yuko wapi?"

Nilipajua alipo. Hakuna timu iliyomtaka tena baada ya picha ile, akaishia kukata miwa Ruhembe, mwendo wa pikipiki tu kutoka kwangu, na sijawahi kwenda. Nikamwambia baba hivyo hivyo.

"Basi ulimuuza yeye," akasema.

Nilitoa simu palepale, maana namba yake sikuwahi kuifuta. Alipopokea nikamtajia jina langu. Nikasikia mapanga yakipiga miwa nyuma yake na mtu akimhimiza, kisha akakata simu. Nilipiga tena, hakupokea. Baba alikuwa ameshamsimamisha mwenye bajaji, anapatana naye nauli ya kwenda Ruhembe.