Matembezi ya Wifi Yangu Beirut

Nilikuwa nakaa eda Maskati, ndani ya ukuta wa mji, wifi yangu aliporudi kutoka Beirut. Alikuwa amempeleka kaka yake, mume wangu, hospitali. Alirudi peke yake. Marhumu alizikwa huko huko, sisi tukapata khabari tu.

Nilikuwa na swali moja: kaburi lake liko wapi? Lakini wifi alipokuja, nyumba ilijaa wanawake waliokuja kuhani msiba, na kahawa ilipoanza kuzunguka, yeye akaanza na bahari.

"Mkijaaliwa kwenda, msiukose mji wa Saida. Ngome imejengwa ndani ya maji, mnaifuata kwa daraja."

"Na sisi hapa tuna ngome mbili juu ya bahari," akasema jirani yangu, mtu wa Unguja kama sisi.

"Zenu zina wafungwa, bibi wee! Ile mlangoni ina muuza aiskrimu."

Alikuwa amevaa miwani ya jua. Aliivaa mle chumbani kwangu, dirisha limefungwa, kwa sababu barabarani hakuthubutu, Sultani hakuipenda. Tukaambiwa mji wa Tarablus, huko huko Lebanoni, kuna halua ya jibini.

"Ya jibini!" jirani akashika kifua. "Mungu atuepushe."

Beirut kwenyewe kuna jabali limesimama baharini, lina tundu katikati, na watu hutoka mbali kulitazama.

"Wakishalitazama?" jirani akauliza.

"Wanakunywa kahawa."

Maskati majabali yametuingilia hadi jikoni, na sijaona mtu aliyefunga safari kuja kuyatazama.

Kwa vile wifi anakaa Matrah, nje ya ukuta, kila siku aliondoka mapema, lango la mji lisije kumfungia ndani usiku. Kila siku tulipata ngome moja au bustani moja, na marhumu hatukumfikia. Wanawake walianza kuja kwa ajili ya Lebanoni. Mimi niliyefiwa nilisogezwa ukutani, nisiwazibie.

Siku moja wageni wengine waliinuka kwenda kutia udhu, tukabaki wawili.

"Wifi, kaka yako kazikwa wapi?"

Akavua miwani. "Wanaume ndio waliompeleka. Wanawake hatwendi makaburini, wewe unajua."

"Hukuwauliza?"

"Niliona haya. Na wenyeji wetu wa huko walisema nisikae hospitali nikilia. Wakanitia garini, wakanipeleka Jubeil."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

"Jubeil kuna nini?"

"Kuna makaburi ya wafalme wa kale. Mtu unashuka chini kabisa, unayaona."

"Ukashuka?"

"Yale si ya Waislamu, wifi!" akasema upesi, kama aliyeulizwa na kadhi.

Nilitaka kumwambia atoke, na neno lilikuwa mdomoni. Lakini katika watu wote ninaowajua, ni yeye tu aliyekuwa upande ule wa dunia siku mume wangu anafukiwa. Ningemfukuza, ningebaki na nani wa kumuuliza? Nikamjazia kikombe.

"Haya, nipe Jubeil yako. Anzia asubuhi ya siku waliyomzika. Kulikuwa na mvua?"

"Manyunyu. Walinipa mwavuli."

"Na upepo?"

"Wa baharini, wa baridi."

"Udongo je?"

Akanitazama, kisha akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Mwekundu, wifi. Ulinishika kwenye viatu."