Dawa ya Kufuta

Niliondoka Nairobi kwa sababu bakteria wangu walikataa kufa. Mwaka mzima nilikuwa nikihangaika na gundi ya mti niliyopewa na bibi mmoja wa Balambala, kaunti ya Garissa. Niliichemsha hadi harufu ikaisha, nikatenganisha viambata vyake, nikavijaribu kwa bakteria wa vidonda. Wakanawiri tu, kama waliotiwa mbolea! Msimamizi wangu akasema muhula ukiisha bila matokeo, utafiti unafungwa. Wenzangu wa maabara walishahitimu, nikabaki mimi na friji inayonguruma.

Garissa nilipata chumba mtaa wa Iftin. Jioni majirani walinikaribisha chakula uani, wakapiga soga kwa Kisomali nisichokielewa. Walipocheka nami nikacheka, mjinga wa mwisho. Hakuna aliyenitenga, Mungu shahidi, lakini nilikula kwa upweke.

Asubuhi nikadandia lori la kwenda Balambala. "Bole," alisema dereva kila tulipopiga shimo, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Niliitika bila shida. Masikio yangu yalishazoea kwamba p ya huku ni b, nikajiona hodari.

Balambala nilimkuta Ayeeyo Halima, yule bibi aliyenipa gundi, akichochea mkaa mlangoni.

"Assalaam aleykum, Ayeeyo."

"Waaleykum salaam. Umekonda, hooyo!"

Hooyo ni mama, na mama wa Kisomali humwita mwanawe hivyo hivyo. Tangu nimzike mama yangu, hakuna aliyenitazama akaona nimekonda. Nilijikaza.

Nikamweleza kwamba gundi yake imenishinda. "Haiponyi vidonda, Ayeeyo."

"Kidonda? Kidonda ya nani?"

"Si ulisema ni dawa ya kufuta? Ya kufutia vidonda."

"Ndiyo, ya kufuta!" Akaweka kipande cha gundi juu ya kaa, akajifunika shuka na ule moshi, akauvuta kwa nguvu. Akatoa kichwa, machozi yakimtoka. "Hii ndiyo kufuta. Ya kifua."

Lo! Kuvuta. Nilishika b ya p, nikasahau f ya v. Harufu niliyoifukuza maabara mwaka mzima ndiyo iliyokuwa dawa yenyewe.

"Ulimi yangu imekuangusha," akasema.

"Na masikio yangu, Ayeeyo."

Tukacheka hadi chai ikapoa. Siku hiyo nilijua ninachocheka.

Safari ya kurudi niliipakata gundi mpya mapajani kama mtoto mchanga. Maabara nikaichemsha tena, ila sasa nikaunasa mvuke, nikapata mafuta kidogo, nikayadondosha kwenye sahani ya bakteria wa kifua. Asubuhi iliyofuata palikuwa na duara safi kuzunguka tone, bakteria hawakuthubutu kusogea. Sahani moja si dawa, kazi bado ni ndefu, lakini utafiti haukufungwa. Nimejifunza kwamba mgeni huuliza neno mara mbili, na mgeni kule nilikuwa mimi.

Niligeuka nimwambie mtu. Friji ikanguruma. Nikampigia Ayeeyo, na kabla sijamaliza salamu sauti ikanikatika.

"Unalia, hooyo?"

"Imefanya kazi, Ayeeyo."

"Alhamdulillahi. Sasa futa."

"Kufuta au kuvuta?"

Akacheka kwanza. "Yote mbili. Futa machozi. Halafu futa bumzi."

Nikafuta, nikavuta.