Kidole Changu Kwenye Simu ya Baba Mkwe

Simu ya baba mkwe wangu ilikuwa inafunguliwa na watu wawili tu: yeye mwenyewe, kwa namba ya siri aliyoitunga akiwa amegeukia ukuta, na mimi, kwa kidole gumba cha mkono wa kulia. Yeye hakujua kwamba mimi nimo. Na mimi sikuingia kwa kupenda.

Lazima nieleze kwanza tulivyokuwa tunaishi, maana bila hivyo msomaji atadhani tulikuwa na ugomvi. Mimi ni mzaliwa wa Kihesa, Iringa, kwenye nyumba ambayo mgeni akiingia anashikwa mkono, anasalimiwa kamwene, salamu ya kwetu, na mkono hauachiwi mpaka habari za mahindi, za mvua na za wagonjwa wote wa mtaa zimalizike. Nikaolewa na Mnyakyusa, dereva wa malori. Sisi tunaishi Mbeya mjini, lakini kwao ni huko juu milimani, kwenye barabara ya kwenda Tukuyu. Kwao mkamwana, yaani mke wa mtoto, hakai chumba kimoja na baba mkwe. Hampi mkono, hamtazami usoni, hazungumzi naye. Wakielekea kukutana njiani, mmoja anapinda kwenye migomba. Siku hizi familia nyingi zimelegeza, wengine wanakula meza moja na kutaniana kabisa. Baba mkwe wangu hakulegeza hata kidogo.

Mwanzoni nilicheka. Baadaye iliniuma, na nasema wazi kwamba iliniuma. Mimi ni mtu wa maneno. Baba yangu mzazi alifariki nikiwa bado shuleni, na siku naolewa nilijipa moyo kwamba huko niendako nitampata baba mwingine wa kuniuliza habari zangu. Nikampata anayekimbilia migombani akiniona. Nilizaa, watoto nikawapa majina ya kwao, nikajifunza kusema ndaga badala ya asante, na bado sikuwahi kusikia neno lake hata moja likielekezwa kwangu. Nilitaka neno moja tu. Hata la kunigombeza lingenitosha.

Ile simu aliletewa na watoto wake wakati wa Pasaka. Ilikuwa simu ya kupangusa, yenye sehemu ya kuweka kidole upande wa mgongoni, na mzee alipoonyeshwa sehemu hiyo akaipenda simu nzima. Wazee wenzake walikuwa na mchezo wa kunyang'anyana simu baada ya ibada na kusomeana meseji kwa sauti, na yeye ni mtu wa siri zake. Alitaka simu inayomjua mwenyewe.

Katika ukoo ule mimi ndiye ninayeelewana na simu, kwa hiyo kazi ikaja kwangu. Jinsi ilivyofanyika, fundi yeyote wa simu angeacha kazi siku hiyohiyo. Mzee alikaa sebuleni, akaweka namba yake ya siri kwa kujificha. Mimi nilikaa kwenye jiko la nje, ng'ambo ya ua, nikimenya viazi. Mama mkwe akawa mbeba simu. Yeye analeta, mzee akiwa ameshaifungua. Mimi naipeleka mpaka pale inaposema weka kidole, nampa. Anavuka ua kwa magoti yake mabovu. Anafika, kioo kimeshazima. Anarudi nayo, tunaanza upya.

"Mwambie Baba aandae kidole kabla simu haijafika," nilisema.

"Mwambie nimeandaa," mzee alijibu kutoka sebuleni.

"Anasema ameandaa," mama mkwe akanifikishia, akihema.

Tulikuwa tunasikiana vizuri kabisa, ua wenyewe kuku anauvuka bila kuchoka, lakini kila sentensi ilibidi ipitie kwa mama wa watu. Ikifika kwake anaipunguza chumvi au anaiongeza, kutegemea nani amemwudhi zaidi.

Hata hivyo tatizo halikuwa ua. Baba mkwe alikuwa fundi mwashi maisha yake yote. Kanisa la pale na nyumba nyingi za kijiji ni kazi ya mikono yake, na saruji ilikuwa imekula mistari yote ya vidole. Vilikuwa laini kama mawe ya mtoni. Simu ikaviona na kusema haijaona kitu. Akanawa kwa sabuni. Akapaka mafuta ya kupikia. Akasugulia majivu.

"Mwambie hii simu inanikataa," alisema, na safari hii sauti yake ilikuwa na unyonge uliofika jikoni kabla ya mama mkwe.

Nikashuku simu ni mbovu. Nilipoletewa tena nilifuta maji ya viazi kwenye kanga, nikaweka kidole changu kujaribu tu. Ikakipokea palepale. Ikaniambia inua, nikainua. Weka tena, nikaweka. Nikawa nafuata amri kama mwanafunzi wa chekechea, mpaka ikaandika kwamba imekamilika. Kabla sijatafuta pa kukifutia, mama mkwe aliona ile alama ya kijani, akaninyang'anya simu na kuvuka ua akitangaza kwamba imekubali. Mzee akaweka kidole. Ikakataa. Akaweka vyote, mkono huu na mkono huu. Mwishowe akasema mambo ya vidole ni uongo wa wenye maduka, na tangu siku hiyo akawa anafungua kwa namba yake.

Nilimweleza mama mkwe kilichotokea, nikamwambia itabidi mzee aifungue tena ili nijitoe. Aliketi kwenye kigoda akafikiri.

"Kiache," alisema. "Yeye atazeeka, atasahau namba. Wewe si utakuwepo?"

Nikakiacha. Lakini nikawa na wasiwasi kila nikienda kule. Mtu asiyetaka hata kivuli changu kipite mlangoni kwake, leo kidole changu kinalala naye mfuko wa shati.

Usidhani mambo hayo ni madogo. Mwezi uleule mume wangu alimwingiza baba yake kwenye kundi la familia la Whatsapp, na mimi nikatoka. Wifi zangu walijadili jambo hilo kwa siku kadhaa: je, kundi ni sebule au ni ua? Mmoja alisema ni barabara tu, kila mtu anapita. Mkubwa wao akaamua kwamba kama mtu akiongea wote wanasikia, basi ni chumba, na mimi nimefanya vizuri kutoka. Picha za watoto wangu nikawa namtumia mume wangu, naye anazipeleka chumbani kwa niaba yangu.

Kisha ikaja baridi ya mwezi wa sita, na mzee akaletwa Mbeya mjini kufanyiwa upasuaji wa jicho. Jicho la pili lilikuwa halimsaidii siku nyingi, kwa hiyo walipolifunga lile lililopasuliwa kwa bandeji, akabaki gizani. Mama mkwe alikaa naye siku ya kwanza. Siku ya pili kukatokea msiba kwa jirani kule kijijini, na mama mkwe si mtu wa kukosa msiba wa jirani. Mume wangu alikuwa kwenye foleni ya malori mpakani Tunduma. Tukabaki wawili, mimi na yeye.

"Wewe ni nani yake?" nesi aliniuliza nilipofika na chupa ya uji.

"Mkamwana."

Nesi naye alikuwa wa hukohuko milimani. Alinitazama, akamtazama mzee, akasema, "Pole," na akachukua uji kumpelekea.

Nikakaa kwenye benchi la nje, karibu na mlango wa wodi, nikiwaza sheria. Kama mzee haoni, je, mimi naonekana? Na kama sionekani, je, nimeingia? Niliamua kwamba mtu aliyefungwa macho hawezi kuvunjiwa heshima kwa macho, nikaingia hatua chache, nikasimama nyuma ya pazia kwa usalama zaidi.

Kitanda cha pili alikuwepo mfugaji wa Kisukuma kutoka bonde la Usangu, mtu mzima, naye alikuwa amefungwa jicho moja. Lililobaki lilimtosha kuona kila kitu.

"Mayu, mbona unajificha huko?" aliniuliza, akiniita mama kwa Kisukuma. "Una deni?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka nesi akamkemea asitoneshe jicho. Lakini alipomaliza kucheka alikubali kazi, na kwa siku zile yeye ndiye akawa mama mkwe wangu. Alikuwa mkalimani wa ajabu, maana sote watatu tulikuwa tunaongea Kiswahili.

Mzee aliuliza, "Huyo mtu ameleta maji ya moto?"

"Baba yako anauliza maji ya moto, na anasema uji wa asubuhi ulikuwa mzuri sana."

Mzee hakuwa amesema lolote kuhusu uji. Nilimsikia akiguna. Hakukanusha, hata hivyo.

Ndipo simu ikaanza kulia mlio wa ujumbe. Mzee ana dada yake mkubwa, mgonjwa, yuko Kyela, mahali ambapo mtandao ni wa kuvizia. Kupiga simu ameshindwa, kuandika hajui, kwa hiyo kila siku humrekodia mdogo wake ujumbe wa sauti. Mzee alijua ni yeye. Alishika simu, akabonyezabonyeza, ikakataa. Akabonyeza tena. Ikamwambia asubiri.

"Mtajie namba, Mzee, akubonyezee," mfugaji alishauri.

"Namba siijui," mzee alisema. "Vidole ndiyo vinaijua. Na vidole vinataka kuona."

Aliiweka simu kifuani na kuinyamazia. Ikalia tena. Nikaona mkono wake, ule mkono mpana wa fundi, unaipapasa kwa namna ya mtu anayebembeleza. Ningeweza kunyamaza. Kama ningesema, angejua kwamba tangu Pasaka simu yake ya siri ina kidole cha mtu asiyestahili kukaa naye hata kwenye kundi. Lakini dada mtu alikuwa mgonjwa.

"Mwambie Baba kwamba mimi naweza kuifungua," nilisema. "Kidole changu kimo humo. Kiliingia siku ile ya viazi, kwa bahati mbaya."

Mfugaji alifurahi kama aliyepata ndama. "Mzee, anasema kidole chake kimo."

"Kimo wapi?"

"Ndani ya simu yako."

Mzee aliigeuza simu, akaipapasa mgongoni.

"Muulize kama amewahi kufungua."

"Sijawahi," nilisema.

"Anasema hajawahi, na ameapa," mfugaji alisema, ingawa sikuapa.

Mzee aligeuza uso ukutani. Nilijua hapo mambo yangu yamekwisha, nitarudi Kihesa na chupa yangu ya uji. Halafu, bila kugeuka, akanyoosha simu upande wa mfugaji.

"Mpe afungue."

Tukapata utaratibu. Mfugaji anapokea simu, anaiweka juu ya kabati dogo la kitandani, mimi natoka nyuma ya pazia, naweka kidole, nauwasha ujumbe, narudi mafichoni. Sauti ya bibi wa Kyela inajaa wodini, Kinyakyusa kitupu, na mzee anatabasamu kwa mdomo peke yake kwa sababu sehemu nyingine ya uso imefungwa. Kila baada ya ujumbe mfugaji alikuwa akinipa ripoti: "Baba yako anasema ndaga." Nilikuwa nasikia kwamba hajasema.

Kisha mfugaji akaruhusiwa. Wanawe walikuja kumchukua kurudi Usangu. Aliaga wodi nzima, akasimama katikati yetu, mimi huku na mzee kule, na kutikisa kichwa.

"Sasa ninyi mtaishije?" aliuliza.

Asubuhi iliyofuata nilifika mapema, baridi ikiwa imekaza na ukungu umeshuka mpaka kwenye paa la hospitali. Nesi alikuwa upande mwingine. Kitanda cha mfugaji kilikuwa kimetandikwa shuka safi, hakuna mtu. Niliingia, nikasimama mahali pangu nyuma ya pazia. Nafikiri alinisikia kwa viatu.

Simu ikalia mlio wa ujumbe.

Ikalia tena. Nilimwona akiichukua kutoka kifuani, na nilidhani ataiweka kwenye kabati ili nije niichukue mwenyewe. Hakuiweka. Aliinyoosha hewani, upande wangu, akaishikilia. Hakuishusha.

Nikatoka nyuma ya pazia. Sikuwahi kuwa karibu naye hivyo tangu niolewe, nikawa nanyata kama nakwenda kuiba. Sehemu ya kidole ilikuwa mgongoni mwa simu, palepale vidole vyake vilipoishikilia. Hapakuwa na namna nyingine. Nikapenyeza gumba langu katikati ya vidole vyake, simu ikafunguka, na bibi wa Kyela akaanza kuongea. Nikataka kuuondoa mkono.

"Umepoa sana," alisema. "Sweta lako liko wapi?"

Nilitazama nyuma yangu kuona anaongea na nani. Wodi ilikuwa tupu upande ule.

"Nimeliacha nyumbani, Baba," nilisema, na machozi yakanitoka bila kuniomba ruhusa.

"Kesho uvae."

Akageuka upande, akaendelea kumsikiliza dada yake. Kesho yake jua liliwaka mapema, watu wakavua makoti barabarani, na mimi nikaingia wodini na sweta zito la sufu, limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.