Ng'ombe Wanne wa Fundi

Mpaka leo nikiona mtu anamlipa fundi kazi yote kabla ya msingi, natamani nimzabe kibao. Baba yangu alifanya hivyo, na sijamsamehe sawasawa.

Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zetu za mlimani zimebomolewa, tunaishi kwenye kibanda cha nyasi kinachovuja kila upande. Mama alikuwa na pumu. Mganga wa zahanati alimwambia baba waziwazi kwamba masika ikimkuta mama mle ndani, hataiona nyingine. Basi baba akatafuta fundi wa matofali, kijana wa kijiji cha jirani, wakapatana ng'ombe wanne.

Balozi wetu wa nyumba kumi alimshauri atoe mmoja msingi ukikamilika, wa pili kuta zikifika madirishani, wa tatu kwenye linta juu ya madirisha, wa mwisho paa likishakaa. Baba akamcheka. Fundi alikuwa anaoa, na wakwe walitaka ng'ombe wote kwa mpigo. Baba akasema mtu uliyemsaidia kuoa hawezi kukudhulumu, akawatoa wote asubuhi moja. Nilikuwa na miaka ishirini, nikabishana naye mpaka akaniambia ninyamaze. Nikanyamaza, mjinga mimi.

Fundi alipandisha kuta hadi madirishani, akaenda kuoa. Hakurudi. Tukasikia amevukia mpakani Sirari kutafuta kazi Kenya, mke kamwacha kwa mama mkwe.

Mimi na baba tukaenda kwa wakwe zake kudai ng'ombe. Mzee wa mji ule alitupokea vizuri, tukala ugali kwa maziwa ya ng'ombe wetu wenyewe. Kisha akasema wawili amemlipia mwanawe mahari, wawili wako zizini, tuwachukue tukitaka, ila siku hiyo hiyo atamrudisha binti yake nyumbani, na binti ana mimba. Mimi nilitaka tuwafungue tuondoke nao. Baba akasema kwanza tumuulize mama.

Mama alikuwa ameketi mlangoni, anahema kwa tabu. Alisikiliza yote.

"Muacheni binti wa watu akae kwake," alisema. "Mimi nitakaa hapa hapa."

Nililia mbele yake, mtu mzima na ndevu zangu. Hakubadilisha neno.

Masika ikaja. Matofali yalikuwa mabichi, hayajaezekewa kitu. Wiki ya pili kuta zikaporomoka, likabaki tope. Kibandani tulimhamisha mama kona hadi kona tukikimbia matone. Alikufa kabla mvua haijakatika, tukamzika pale uani.

Mwaka uliofuata fundi akarudi na mwiko wake na pima maji. Akampa baba shikamoo, akauliza kazi aianzie wapi. Nilimfuata nimpige, baba akanishika mkono.

"Mura, kijana wangu, nyumba haina mwenyewe tena," baba akamwambia. "Jengea kaburi."

Alilijengea vizuri, akamaliza kwa siku mbili.