Msumari Katika Kiti cha Mzee Were

Ukimkuta Muhonja asubuhi utadhani ni mpika mandazi. Karakana yake pale Mautuma iko ubavuni mwa kinu cha kusaga mahindi, na unga haujui mipaka: unatua kwenye randa, kwenye patasi, kwenye nyusi zake. Lakini itazame mikono. Vidole ni tisa na nusu. Ile nusu ilichukuliwa na msumeno, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza kama kweli yeye ni seremala.

Ana miaka hamsini na minne. Ufundi alifundishwa na mumewe, Titus, na Titus alipofariki miaka tisa iliyopita watu walingoja aufunge mlango wa karakana arudi kwao Maragoli. Aliufungua saa moja na nusu, kama kawaida.

Sasa, siku moja mwezi wa pili, mama mkwe wake akatokea barabarani na kiti kichwani, miguu juu, mguu mmoja ukiwa mkononi kama fimbo ya kuchungia.

"Mama Beverly, hodi! Mgonjwa huyu hapa."

"Karibu, mama. Na Baba je?"

"Baba yako amelala, nyonga imevimba. Kiti kilimwangusha jana akinywa uji. Daktari anasema mfupa ni mzima. Mdomo pia ni mzima, usijali."

Huyo ndiye Nekoye. Muhonja alicheka, lakini alipokigeuza kile kiti kicheko kilimkauka.

Kiti chenyewe kila mtu wa pale anakijua. Mzee Were, mumewe Nekoye, alikuwa kijana wa kukamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu, na Mzungu alipouza shamba wakati wa uhuru akaenda kwao, alimwachia mtungi wa maziwa, mbwa mmoja mkali na kiti hicho. Mbwa alikufa, mtungi ukatoboka. Kiti kikabaki. Kina mgongo wa vijiti vyembamba, na ubao wa kukalia ni mpana, umechongwa bonde kidogo ili mtu atulie. Beverly, binti yake Muhonja anayefundisha Eldoret, alitumiwa picha akauliza watu wake, akarudisha jibu: ubao huo ni wa mti uitwao elm, wa huko Uingereza. Nyuzi zake zimepitana huku na huku kama nywele za mtoto asiyetaka kuchanwa, ndiyo maana maseremala wa vijijini kule waliupenda. Unautoboa karibu na ukingo, unaugongea mguu kwa nguvu, na hautapasuka. Tena, alisema Beverly, miti yenyewe karibu yote iliisha kwa ugonjwa.

"Kumbe Baba anakalia marehemu," Muhonja alisema siku ile kwenye simu.

Kitu kingine: wale mafundi hawakutumia msumari hata mmoja. Kiti kizima ni mti ndani ya mti. Ila kilikuwa na msumari mmoja, wa inchi nne, uliopigwa kwa mshazari kwenye mguu wa nyuma hadi ndani ya ubao. Ukashika kutu, kutu ikaula mguu kutoka ndani, na mguu ukakatika.

Msumari huo Mzee Were aliujua sana. Kila kiti kilipotikisika alikuwa na neno lake: "Titus wangu alikuwa fundi wa kweli, lakini hapa alinifanyia haraka." Alilisema harusini, alilisema hata kwenye matanga ya Titus mwenyewe, na Muhonja akainamisha kichwa kama mjane anayelia. Alikuwa akilia kweli. Lakini msumari ule aliupiga yeye.

Ilikuwa miaka kumi na miwili nyuma. Titus alikuwa Turbo kununua mbao. Mguu ulikuwa umelegea, na kesho yake wageni wa posa walikuwa wanakuja kwa mzee. Muhonja hakuwa na ruhusa. Mkaza mwana hagusi kiti cha baba mkwe, sembuse kukikalia. Akafunga mlango, akapiga msumari kama tunavyopiga viti vyote vya huku, akaona amesaidia. Titus aliporudi alijaribu kuung'oa, ukakataa. Akamtazama mkewe, akacheka kwa huzuni. "Nitasema ni mimi. Akijua ni wewe hatakikalia tena."

Akaibeba lawama. Na akaenda nayo kaburini.

Sasa mzee mwenyewe alikuwa amemruhusu kukigusa, maana fundi mwingine hakuwapo. Muhonja aliung'oa msumari, akautia kwenye mfuko wa aproni. Ubao wa elm aliupapasa tundu lote, akitafuta ufa. Hakuna. Msumari wote ule na ubao haujapasuka.

Mguu mpya aliuchonga kwa mpera, maana mpera ndio tunaofanyia mipini ya majembe na haujui kukatika. Ncha ya kuingia tunduni ilitakiwa iwe kavu kuliko ubao, ili ikishaingia inywe unyevu, ivimbe, ijikaze yenyewe. Basi akaupeleka jikoni kwa Nekoye, wakauning'iniza juu ya mafiga, kando ya mahindi ya mbegu. Wiki tatu. Mzee Were alikuwa akiuliza kutoka chumbani, "Huo mguu wangu bado unapikwa? Nyinyi watu wa Maragoli, hata mti mnachemsha?"

Siku ya kuugongea aliupiga kwa nyundo ya mti, polepole, akisikiliza sauti ikibadilika toka uwazi hadi uzito. Akapigilia kabari ya mti juu, kwenye ncha iliyotokeza, akairanda ikalala sawa na ubao. Akakibeba kiti hadi uani kwa mzee. Ila kiti hupimwa kwa kukaliwa, na yeye hakuweza. Akapakia gunia la mahindi. Kikatulia.

"Gunia haliegemei," Nekoye alisema akitoka jikoni. "Wala halijikuni mgongo kama baba yako. Lishushe."

Akaketi yeye. Akaegemea. Akajitupa kushoto, akajitupa kulia, halafu akalaza viganja juu ya ubao.

"Mama, kinatikisika?"

"Hapana. Nafikiria tu. Miaka sitini na mbili nimekipangusa hiki kiti. Sikujua kina bonde."

Mlango ukalia. Mzee Were alikuwa amesimama na fimbo yake.

"Nimepinduliwa," akasema. "Niliugua mwezi mmoja tu."

"Njoo unitoe basi," Nekoye akamjibu, na hakuharakisha kuinuka.

Mzee alicheka hadi akashika nyonga. Akainama, akapapasa mguu mpya mpaka ulipokutana na ubao. "Kazi hii ni safi, Mama Beverly. Titus hapa angepiga msumari."

Muhonja alikuwa ameyasikia maneno hayo mara mia. Safari hii msumari ulikuwa mfukoni, unamchoma paja. Akautoa, akapiga magoti, akaunyoosha mbele.

"Baba, Titus hakupiga msumari maishani mwake mahali pa kabari. Huu niliupiga mimi, yeye akiwa Turbo. Alibeba yeye ili usikikatae kiti. Mimi nikamwachia, hata alipokufa nikamwachia."

Kuku walikuwa wakiparura chini ya ghala. Nekoye alisimama, sasa bila utani. Mzee aliuchukua msumari, akaugeuza geuza.

"Na nimekuwa nikimsema," akasema mwishowe. "Mbele ya watu. Siku ya kumzika."

"Ndiyo, Baba."

Hakusema amemsamehe, wala hakugomba. Alielekeza fimbo nyuma ya migomba, mahali kaburi la Titus lilipo. "Kipeleke kule."

Muhonja alikibeba kiti, akakiweka kwenye nyasi, akarudi nyuma hadi alipokuwa Nekoye. Mzee alifika kwa taratibu zake. Akakitazama kiti alichotengeneza mke wa mwanawe. Akaketi kwa uzito wake wote, msumari kiganjani, akaanza kuongea, sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenzake chakulani.

"Anamwambia nini?" Muhonja aliuliza.

"Yake na mtoto wake. Tuache."

Lakini Muhonja alibaki akitazama ule mguu wa nyuma. Mzee aliongea kitambo, kisha akaegemea. Kiti hakikutoa sauti.