Mwali Yuko Kikosini

Nilipohamishiwa kwenye kikosi kipya, mama aliwatangazia Watanzania wote wa Buffalo kwamba binti yake anakwenda kurusha ndege zisizoonekana. Si kweli. Mimi ni fundi wa ndege katika jeshi la majini la Marekani, sirushi kitu, na ndege zenyewe zinaonekana vizuri tu kwa macho. Ni rada ndizo zinazozikosa. Nilimweleza mara nyingi.

"Ni yale yale," alinijibu.

Kikosi kilikuwa ndiyo kwanza kinaanzishwa, kwenye kambi moja ya kusini yenye joto la kulainisha lami. Kazi yetu ingekuwa kuwafundisha marubani na mafundi ndege hiyo mpya ya kivita kabla hawajapelekwa kwenye manowari. Nilifika nikakuta banda kubwa la ndege, sakafu nyeupe inang'aa kama sahani, na ndani hamna ndege. Hata moja. Tulikuwa na nembo, tulikuwa na kofia, tulikuwa na kamanda, na marubani wakufunzi waliozurura mikono mfukoni. Asubuhi tulisoma injini kwenye kompyuta. Mchana tulifagia sakafu ambayo haijawahi kudondokewa na tone la mafuta.

"Mwezi ujao inakuja," alituambia msimamizi wetu, mzee mpole tuliyemwita chifu. Mwezi ujao ulifika, naye akasema vile vile.

Wakati huo nilikuwa nimeshachumbiwa. Mchumba wangu alikuwa mfamasia Columbus, na wazee walikuwa wamekubaliana: kicheni pati ifanyike Buffalo kwa mama, harusi Columbus kwa wakwe. Somo wangu angekuwa shangazi yangu wa Louisville, dada yake baba, mwanamke ambaye akisimama kumfunda mwali hata wenye wajukuu hunyamaza wasikilize. Ukumbi ulipatikana Cheektowaga, kando ya Buffalo. Sare za wanawake wa sherehe zikashonwa. Likizo nikaomba, nikapewa.

Wiki ile ile ya sherehe chifu akaniita.

"Ndege ya kwanza inatua Jumamosi. Wageni wakubwa wanakuja. Likizo zote zimefutwa."

"Chifu, Jumamosi ni sherehe yangu."

"Unaolewa Jumamosi?"

"Hapana. Nafundwa." Neno la Kiingereza la kufundwa sikulipata, nikajikuta namwambia wanawake watakaa wanifundishe ndoa.

Alicheka. Aliponitazama usoni akaacha. "Hawawezi kukufundisha kwa simu?"

Nilipompigia mama alisema kwa utulivu kabisa, "Waambie ndege ije Jumapili."

"Mama, siwezi kuwaambia hivyo."

"Mimi je, niwaambie nini watu? Shangazi yako yuko njiani na gari limejaa masufuria. Ukumbi hauna nafasi nyingine mpaka theluji ianguke. Sherehe haiahirishwi, mwanangu."

Basi Jumamosi nikasimama kwenye lami, sare imenyooshwa, viti vya wageni vimepangwa safu safu, sote tumekodoa macho angani. Jua likapanda. Wageni wakajipepea. Hatimaye kamanda akatoka akiwa na sura ya mtu aliyemeza mwiba: ndege haijaondoka kiwandani. Kuna kifaa hakijaridhisha wakaguzi. Tukunje viti.

Simu haziruhusiwi bandani kwa sababu ya siri, kwa hiyo nilikwenda kujifungia kwenye gari langu, nikawapigia video. Walikuwa katikati ya shughuli. Kiti cha mwali kilikuwa kimepambwa maua, na juu yake wameweka picha yangu ya jeshini, wameivika khanga. Wanawake walikuwa wanaizunguka wakicheza. Shangazi alikuwa ameinama mbele ya picha, kidole juu, anaifunda. Midomo yake naiona, sauti inakatika. Nilipiga usukani kwa ngumi mpaka mkono ukaniuma.

Mama akaichukua simu. "Ndege imefika?"

"Bado."

Akaigeuza simu ili nione sinia la pilau. "Angalau tazama chakula chako," akasema.

Ndege ilikuja siku ya kazi ya kawaida, hakuna mgeni hata mmoja. Ilikuwa ndogo kuliko nilivyoitarajia, ya kijivu, na ngurumo yake niliisikia kifuani kabla ya masikioni. Nilikimbia na vifaa vyangu. Mafundi wa kiwandani wakatuzuia: kwanza tutazame. Tukatazama wiki baada ya wiki, mikono nyuma, kama watoto dukani. Siku chifu aliponiambia, "Haya, fungua wewe," nilikifungua kifuniko cha injini mara moja. Nilifurahi, sikatai. Lakini furaha ile ilinikuta nimeshachoka kuisubiri.

Harusi tulifunga Columbus. Niliingia Ijumaa, na Jumatatu nilitakiwa kambini, maana wanafunzi wa kwanza walikuwa wameshawasili. Jumapili mume wangu akaniendesha hadi Louisville nikapande ndege huko, kwa sababu shangazi alikuwa ameapa sitapita bila kuonana naye anifunde ana kwa ana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ingia jikoni." Akamwacha mume wangu sebuleni na chai, akafunga mlango.

"Shangazi, siku ile ukumbini ulisema nini? Sauti ilikatika."

"Ya ukumbini niliiambia picha. Keti."

Alizungumza polepole, ameshika viganja vyangu, na mambo mengine sikutegemea kuyasikia kwa shangazi yangu. Tulikuwa hatujafika hata nusu mume wangu alipogonga: muda wa uwanja wa ndege umefika.

"Jeshi lisubiri!" shangazi akamjibu bila kugeuka.

Halikusubiri. Tangu hapo nimempigia mara nyingi nikimwomba animalizie, mume wangu yuko Columbus na mimi niko huku bandani na wanafunzi, na kila mara ananijibu kwamba mambo haya si ya simu, niende. Ruhusa nimeomba tena. Chifu anasema mwezi ujao.